Usiwaulize kama wanapenda muziki wa kielektroniki

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunaishi Manyatta, Kisumu, na tunatengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo. Tunataka kuanzisha jarida la muziki wa kielektroniki litakalosomwa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Tulisambaza fomu kwenye makundi yetu ya WhatsApp tukiuliza, "Je, unapenda muziki wa kielektroniki, na ungenunua jarida linalouhusu?" Watu sitini na kitu walijibu, karibu wote ndiyo. Mjomba wangu yuko tayari kutukopesha pesa za kuchapisha, lakini anasema fomu hiyo si utafiti. Tufanyeje ili tujue kama wasomaji wapo kweli?

JIBU: Ndugu yangu, mshukuru sana huyo mjomba. Swali lake ndilo wengi hulikimbia mpaka siku mwenye mashine ya kuchapa anapokuja kudai deni. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutafiti wasomaji na wasikilizaji huku magharibi mwa Kenya. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa jarida kama hilo natamani sana kuliona likisimama.

Fomu yenu ina kasoro mbili. Ya kwanza imejificha ndani ya neno moja, "kielektroniki". Nenda Kondele jioni, simama karibu na kinyozi aliyeweka spika mlangoni, umwulize kijana anayetikisa kichwa kama anapenda muziki wa kielektroniki. Atakuambia hapana, au atakuuliza ni upi huo. Na kinachomtikisa kichwa ni amapiano, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Afrika Kusini, ambao ngoma na besi yake hupangwa kwenye kompyuta. Mwenzake anataka gengetone, iliyopikwa na mtu chumbani kwake kwa laptopu. Mama anayekaanga samaki ng'ambo ya barabara anasikiliza ohangla ya siku hizi, yenye kinanda cha umeme kando ya ngoma. Jumapili kanisani, kijana mmoja na kinanda chake hufanya kazi ya bendi nzima kwa kubonyeza mdundo uliokuja ndani ya mashine. Wote hao wanaishi ndani ya muziki mnaotaka kuuandikia, na hakuna hata mmoja anayeuita kwa jina mlilolitumia.

Kwa hiyo neno hilo liliwachuja watu kabla hamjawauliza lolote. Waliobaki ni watu kama ninyi, waliosoma habari za Berlin na Detroit, miji ya ng'ambo inayosifika kwa muziki huo. Hata huko ng'ambo majina yalikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Frankie Knuckles alikuwa dijei wa kilabu kilichoitwa Warehouse, Chicago, na jina la hauzi (house), mtindo mmoja wa muziki huo, husemwa lilitokana na kilabu hicho, yaani watu waliutaja muziki kwa mahali walipoenda kuucheza. Ninyi nanyi fanyeni hivyo. Ulizeni habari za mahali, vifaa na vitendo, jina la mtindo mwacheni mnayemhoji alitaje mwenyewe, kisha mliandike vile vile alivyolitamka. Mtakapomaliza, orodha hiyo ya majina itawaambia pia maneno ya kuweka kwenye jalada.

Kasoro ya pili iko kwenye "ungenunua". Huku kwetu mtu akikujia na karatasi na kalamu, amekujia kama mgeni, na mgeni hujibiwa vizuri. Kumwambia hapana usoni ni kukosa adabu. Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilimfanyia mchapishaji mmoja utafiti wa jarida la wakulima. Nilizunguka masoko nikiuliza kama wangelinunua, nikaambiwa ndiyo soko baada ya soko, nikaandika ripoti yenye furaha. Nakala zilirudi kwa mafurushi. Kosa lilikuwa langu, kwa maana niliwauliza watu habari za kesho, na kesho haina shahidi. Tangu siku hiyo nauliza habari za mara ya mwisho.

Nitakupa mifano, uone tofauti. "Wiki iliyopita, ni wimbo au mix gani uliyoirudia zaidi ya mara moja, na uliipata wapi: redioni, YouTube, kwa rafiki, au ulijaziwa kwenye flashi?" "Mara ya mwisho ulipokwama ukitengeneza biti, ulifanya nini?" "Mwezi uliopita, kuna kitu chochote cha muziki ulichokilipia, hata bando ya kutazama mafunzo?" "Mara ya mwisho kusoma habari ya mwanamuziki, uliisoma kwenye nini, nakala ilikuwa ya nani, na uliimaliza?" Hakuna jibu la adabu kwa maswali hayo. Mtu anakumbuka au hakumbuki. Na asiyekumbuka kusoma chochote kuhusu muziki mwaka mzima amekujibu vizuri sana, mwandike hivyo hivyo, usimsukume.

Kuna swali jingine ambalo mimi huliita swali la nauli: ni umbali gani mrefu zaidi uliowahi kusafiri kwa ajili ya muziki? Tamasha la Nyege Nyege limekuwa likifanyika huko Jinja, Uganda, tangu 2015. Mkazi wa Kisumu aliyewahi kuvuka mpaka wa Busia kwa nauli yake kwenda kusikiliza singeli ya Dar es Salaam au maprodusa wa Kampala amekwisha kuthibitisha upendo wake kwa mfuko. Watu kumi wa aina hiyo wana thamani kuliko ndiyo sitini za kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini kuna swali nakuomba usiliulize kamwe: kama programu anayotumia ameilipia. Toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, halikuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi, kwa hiyo si ajabu vijana wengi hutafuta njia ya mkato, na hakuna atakayekiri hivyo mbele ya mtu mwenye fomu. Ubaya wenyewe si hilo jibu moja la uongo. Mtu akishadanganya mara moja, anaendelea kujikinga mpaka mwisho wa mazungumzo.

Sasa, nani wa kuulizwa? Hapa ndipo nataka mkae sana, maana "wapenzi wa muziki" si kundi la watu. Nikitazama miji yetu naona duara kadhaa. Kuna maprodusa wa chumbani, kama ninyi. Kuna madijei wa vilabu na wa harusi. Kuna wapiga kinanda wa makanisani, ambao kwa hisia zangu ndio wengi kuliko wote na ndio waliosahaulika kabisa. Kuna wenye mashine, yaani wanaokodisha spika, mixa na jenereta kwa harusi, harambee na mikutano ya siasa. Kuna mafundi wanaozitengeneza mashine hizo zikiungua. Kuna wanafunzi wa Maseno, wa Masinde Muliro kule Kakamega na wa Egerton kule Njoro, wanaosikiliza tu bila kutengeneza. Kila duara lina njaa yake. Mwenye mashine hataki kusoma wasifu wa msanii wa Berlin, anataka kujua kwa nini spika zake zinavuma na jinsi ya kuizuia jenereta isiunguze amplifaya. Mpiga kinanda anataka sauti ya litungu au nyatiti iingie kwenye kinanda chake isikike kama nyuzi za kweli. Msikilizaji anataka kumjua KMRU, kijana wa Nairobi aliyefika mbali kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzigeuza muziki.

Jarida moja haliwezi kuwashibisha wote kwa mara moja, na kazi kubwa ya utafiti wenu ni kuchagua duara la kuanzia. Mixmag ya Uingereza, ambayo leo inajulikana dunia nzima, ilianza Februari 1983 ikiwa na kurasa 16 zisizo na rangi, nayo ilitoka kwa Disco Mix Club, huduma iliyokuwa ikiwatumia madijei rekodi za mix kwa posta. Zingatia hapo. Wasomaji walikuwapo kabla ya jarida, anwani zao zilijulikana, na tayari walikuwa wakilipia kitu kingine cha kazi yao. Jarida lilipanda mgongoni mwa uhusiano uliokuwapo. Kwenu, duara gani linalipia kitu tayari, tena kila mwezi? Nadhani ni maprodusa na bando zao. Kijana anayejifunza kupanga ngoma kwa video za Kiingereza, huku megabaiti zikiisha kabla somo halijaisha, huenda akaona faida ya somo lile lile kwa Kiswahili kwenye karatasi anayoweza kuirudia umeme ukipotea. Hiyo ni dhana yangu tu. Kaipimeni, msiichukue kama jibu.

Mkutane na watu ishirini hadi ishirini na watano kwa mazungumzo marefu, mmoja mmoja, wa kila duara, kabla ya kuandika fomu nyingine yoyote. Nendeni walipo: studioni mchana kabla wateja hawajajaa, kwenye maduka ya vifaa vya sauti mjini, Kibuye siku ya Jumapili ambapo soko limefurika, kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Rekodini kwa idhini, na mmoja wenu asikilize tu. Msiende jioni peke yake. Ukihoji watu usiku vilabuni utarudi na wanaume watupu, halafu utaandika kwamba wasichana hawajali kazi hii. Madijei wa kike wapo, na mfano kama wa Coco Em wa Nairobi unawafungulia wengine njia. Mtafuteni dada mmoja ajiunge nanyi katika kuhoji, mtaona majibu yanavyobadilika.

Kuhusu disko matanga, yaani disko za usiku kwenye matanga, nasema kwa uzito. Kule Kakamega, Vihiga na Bungoma hizo ndizo hafla zenye spika kubwa na watu wengi, na mtafiti hutamani kwenda. Msiende kuhoji pale. Watoto wa shule huhudhuria, wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara kwa mara, na mtu aliye matangani hana sababu ya kujibu maswali ya jarida. Wenye mashine watafuteni mchana dukani kwao.

Mkishamaliza mazungumzo ndipo mtengeneze fomu fupi, isiyozidi dakika nane, kwa maneno mliyoyasikia. Idadi? Kanuni ya hesabu husema kwamba watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa jibu lenye kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, na watu 100 takriban asilimia 10. Lakini maneno "kwa bahati nasibu" ndiyo yanayobeba mzigo wote, na kiungo kilichotupwa kwenye kundi la WhatsApp hakina bahati nasibu ndani yake. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilikusanya kadi zaidi ya milioni 2 za maoni ya uchaguzi wa rais na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyoyatumia yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ambayo maskini hakuwa na simu wala gari. Miaka miwili baadaye jarida lenyewe lilikuwa limekufa. Wingi haukuliokoa.

Ninyi hamna orodha ya maprodusa wote wa magharibi mwa Kenya, wala hakuna mtu aliye nayo. Kwa hiyo gawanyeni kwa duara: watu 40 kwa kila duara, nusu Kisumu na nusu nje, na mlangoni mwa duka la vifaa mhojini kila mtu wa tano anayetoka, awe mchangamfu au mnuno. Kisha katika ripoti kwa mjomba msiseme "asilimia fulani ya watu wa Kisumu". Semeni "kati ya maprodusa 40 tuliowahoji, kumi na saba…" Mjomba atawaamini zaidi. Na msimpelekee sensa. Ni kweli sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu na 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, na nimeona mipango mingi ikichukua nambari kama hizo na kusema "tukipata asilimia moja tu". Hiyo asilimia moja hutoka kichwani mwa mwandishi, haitoki sokoni.

Nakuru ichukuliwe kama utafiti wa pili, si kama tawi la Kisumu. Mji ule uko kwenye njia kuu ya kutoka Nairobi. Lugha yake ya mtaani ni Kiswahili na Sheng kwa kiasi kikubwa, wakati Kisumu Kidholuo kinaingia katikati ya sentensi bila kubisha hodi. Hilo linagusa uamuzi wenu mgumu kuliko mnavyodhani, yaani lugha ya jarida. Msiulize "ungependa lugha gani?" kwa sababu wengi watasema Kiingereza ili waonekane wasomi. Andikeni somo moja la ukurasa mmoja, tuseme namna ya kupata kishindo cha isukuti, ngoma za Waluhya, kwa sauti za kompyuta, kwa Kiswahili sanifu, kwa Sheng na kwa Kiingereza. Mpe mtu moja tu bila kumwambia kuna nyingine. Akimaliza mwambie akueleze hatua ya tatu ni ipi. Lugha iliyoeleweka itajitokeza yenyewe. Mkumbuke jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010, lilivyowafikia vijana kwa Sheng, ndani ya gazeti na kwenye maduka ya M-Pesa. Halikuwangojea waje kulitafuta.

Bei isiwape shida sana. Mwaka 1976 Mholanzi Peter van Westendorp alitunga maswali manne yanayotumika mpaka leo: bei gani ni ya chini mno hata ungetilia shaka ubora wake, ipi ni nafuu, ipi imeanza kuwa ghali lakini bado ungefikiria, na ipi ni ghali mno hata usingegusa. Yaulizeni mkiwa mmemshikisha mtu nakala mkononi. Bila nakala hayana maana.

Nakala hiyo ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko fomu zote. Tengenezeni toleo la majaribio la kurasa nane, nakala 50, kila moja na namba yake. Ziacheni studioni, kwa vinyozi, kwenye maduka ya vifaa, kwenye chumba cha kwaya. Kwenye kona ya baadhi ya kurasa wekeni tone dogo sana la gundi, linaloachia mtu anapofungua. Baada ya wiki mbili zungukeni mzikusanye. Tazameni gundi zipi zimeachia, kurasa zipi zina alama za vidole na mafuta, ipi imekunjwa, ipi imechanwa ikaenda na mtu. Nakala iliyopotea iandikeni pia, kisha muulize nani aliichukua. Huku kwetu gazeti moja husomwa na watu wengi kwa kinyozi, kwa hiyo waulizeni wenyeji wa pale wangapi waliishika. Mkigundua nakala moja inasomwa na watu tisa lakini hakuna aliye tayari kuinunua, mtakuwa na jarida la kuendeshwa kwa matangazo, na biashara yenu itabadilika kabisa.

Ndiyo maana wenye matangazo nao wahojiwe, kwa kanuni ile ile ya mara ya mwisho: ulitangaza wapi, ulilipa nini, wateja walikuja? Wauzaji wa maikrofoni, studio za kurekodi na wakodishaji wa mashine watawaambia ukweli kuhusu pesa haraka kuliko msomaji yeyote. Kuhusu karatasi au simu, fanyeni zote mbili katika jaribio, mlinganishe. Groove, jarida la muziki wa kielektroniki la Ujerumani lililoanza 1989, liliacha karatasi mwaka 2018 likabaki kwenye intaneti, lakini msikimbilie huko kwa kuiga. Wasomaji wao hawahesabu bando kama wa Manyatta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa watatu. Mwambieni kila mtu ninyi ni nani, mnataka majibu ya nini na mtayaweka mpaka lini. Nambari za simu zikae daftari tofauti na majibu. Aliye chini ya miaka 18 msimchukulie taarifa zake bila idhini ya mzazi.

Kabla hamjahesabu jibu hata moja, kaeni watatu na mjomba, mwandike kwenye karatasi matokeo yatakayowafanya msichapishe. Kwa mfano: tukikosa watu thelathini waliolipa kabla ya toleo la kwanza, tunaacha karatasi. Tieni sahihi. Bila karatasi hiyo, matokeo yoyote mtayasoma kwa macho ya mtu aliyekwisha kupenda.

Na wale sitini na kitu wa fomu ya kwanza msiwatupe. Wapigieni simu wiki hii, mmoja mmoja, muwaambie toleo la majaribio linakuja na mnapokea malipo ya mbele kwa M-Pesa, nusu ya bei, na pesa zitarudishwa jarida lisipotoka. Hesabuni waliotuma kufikia Ijumaa jioni, kisha mniandikie idadi yao.